Mwamuzi kutoka Viareggio

Juma hili naomba tumtafakari refa. Wengi wenu mtamkumbuka kwa sura: kichwa kisicho na unywele hata mmoja, macho makubwa ya bluu, uso ambao mchezaji akiutazama mara moja anaacha kubishana. Ni Pierluigi Collina wa Italia, aliyechezesha fainali ya Kombe la Dunia mjini Yokohama tarehe 30 Juni 2002, siku Ronaldo alipofunga mabao mawili na Brazil ikaishinda Ujerumani. Shirikisho la historia na takwimu za soka, IFFHS, lilimtaja kuwa mwamuzi bora wa dunia kwa miaka sita mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2003. Namleta mbele yenu kwa sababu maisha yake, katika mazuri yake na katika yale yaliyozua maneno, yananirudisha kwenye jambo ambalo Maandiko yanamdai kila aliyepewa mamlaka ya kuamua: anayewahukumu wenzake hana budi kubaki mahali ambapo naye anaweza kuulizwa.

Alizaliwa Bologna tarehe 13 Februari 1960. Alikuwa akicheza beki kwenye timu ya vijana, hadi mwaka 1977 rafiki yake wa shuleni alipomshawishi waende pamoja kwenye kozi ya uamuzi. Akaanzia wanakoanzia waamuzi wote: mechi za vijana kwenye viwanja vidogo, ambako watazamaji ni wazazi wa wachezaji, na hao ndio watazamaji wakali kuliko wote. Baada ya miaka mitatu hivi alikuwa amefika ngazi ya juu ya mkoa, huku akilitumikia jeshi kama sheria ya nchi yake ilivyotaka wakati huo. Mwaka 1984 akahitimu shahada ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Bologna. Ni katika miaka hiyohiyo, akiwa kijana wa miaka 24, ugonjwa ulipomnyang'anya nywele zote, nyusi na kope pamoja. Mwaka 1988 alipandishwa Serie C, na mwaka 1991 akaingia Serie A, ligi kuu ya Italia. FIFA ilimweka kwenye orodha ya waamuzi wa kimataifa mwaka 1995. Na muda wote huo alikuwa na kazi nyingine ya kumpatia riziki: mshauri wa mambo ya fedha huko Viareggio, mji wa pwani ya Toscana alikohamia.

Waamuzi wa Italia wana chama chao, Associazione Italiana Arbitri, kilichoanzishwa mjini Milano mwaka 1911, chenye matawi hadi miji midogo. Refa hutajwa pamoja na tawi lake, ndiyo maana magazeti ya Italia yalimwandika kuwa ni Collina wa Viareggio. Desturi hiyo ina faida yake. Kila mtu anajua refa ametoka wapi, na kwa miaka mingi ilikuwa mwiko kumpangia mtu mechi ya timu ya kwao. Tena katika mechi za ligi za juu kuna mtathmini jukwaani, mara nyingi refa mstaafu, ambaye hana haja na matokeo. Kazi yake ni kumtazama refa: alisimama wapi, alikimbia vipi, alimkemea nani na alimwachia nani. Mwisho anampa alama, na alama hizo ndizo zinazompandisha au kumshusha. Uwanja mzima unamzomea yule bwana mwenye kipyenga pasipo kukumbuka kwamba jioni hiyohiyo naye yumo katika mtihani.

Nabii Samweli alikuwa mwamuzi wa kuzunguka. Kitabu cha Samweli wa Kwanza, sura ya 7, kinatuambia kwamba mwaka baada ya mwaka alifanya mzunguko wake, Betheli, Gilgali, Mispa, kisha akarudi nyumbani kwake Rama, na kote huko akawaamua Israeli. Akazeeka katika kazi hiyo. Watu walipotaka mfalme na kumpata, mzee akasimama mbele yao wote na kusema maneno ambayo kila ninapoyasoma katika sura ya 12 hunishika. Hakusimulia mafanikio yake. Aliwaomba wamshitaki. Kama kuna mtu aliyewahi kuporwa ng'ombe wake au punda wake, kama kuna aliyedhulumiwa, kama kuna aliyetoa chochote mkononi ili mwamuzi afumbe macho, aseme sasa mbele ya Bwana na mbele ya mfalme, naye atarudisha. Tazameni alivyowauliza: mbele ya hadhara, angali hai, na akiwa tayari kulipa. Wapo viongozi wengi wanaosema historia itawahukumu. Samweli hakungoja historia.

Nikirudi uwanjani, liko tukio la mwaka 1997 katika uwanja wa San Siro, Inter wakicheza na Juventus. Kwa asiyeijua Italia, hiyo ni mechi ambayo watu wanaweza kukaa mwezi mzima bila kusalimiana kwa sababu yake. Maurizio Ganz wa Inter akautia mpira wavuni na Collina akalikubali bao. Fikirini kelele za uwanja ule, wenyeji wakikumbatiana. Kisha refa akazungumza na msaidizi wake, akatambua kwamba mfungaji alikuwa ameotea, na akalifuta bao hilo hapohapo, mbele ya maelfu waliokwisha kulishangilia. Wakati ule hakukuwa na video ya kumkinga. Kukaza shingo kungekuwa rahisi zaidi. Wako watu wazima, wenye heshima zao, waliowahi kutoa uamuzi mbaya nyumbani au kazini, wakaujua kuwa mbaya kabla jua halijazama, na bado wanaulinda hadi leo kwa hofu ya kuonekana dhaifu. Mimi naamini heshima ya Collina kwa wachezaji ilikua kutokana na siku za namna hiyo kuliko kutokana na yale macho yake.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Mei 2000, ilikuwa siku ya mwisho ya ligi. Juventus walikuwa wakiongoza kwa pointi 2 mbele ya Lazio, wakaenda kucheza na Perugia ugenini. Hewa ya soka la Italia ilikuwa imechafuka, kwa maana juma moja kabla yake Parma walikuwa wamekataliwa bao dakika za mwisho dhidi ya Juventus, na nchi nzima ilikuwa ikinong'ona. Mapumziko yalipofika Perugia, bila bao kwa upande wowote, mvua ikashuka kwa namna ambayo hata wazee wa mji hawakuizoea. Uwanja ukawa dimbwi. Collina akatoka na mwavuli, akatembea katikati ya maji, akaudondosha mpira kuona kama unadunda. Haukudunda. Akarudi ndani. Akatoka tena. Zaidi ya saa moja ikapita namna hiyo. Mjini Roma mechi ya Lazio ilikuwa imekwisha, wameifunga Reggina 3-0, na mashabiki wamebaki uwanjani na redio masikioni wakisubiri neno la mtu mmoja mwenye mwavuli. Hatimaye akaona mpira unaweza kuchezwa, akawarudisha. Mapema katika kipindi cha pili Alessandro Calori akaifungia Perugia, likawa bao pekee, na ubingwa ukaenda kwa Lazio kwa tofauti ya pointi 1.

Watu wa Juventus wapo hadi leo wanaosema mechi ile ilipaswa kuahirishwa. Huenda hoja yao ina uzito. Ninachokiona mimi ni kwamba majaribio ya mpira yalifanyika katikati ya uwanja, kila mtu akiona. Hakuna aliyelazimika kukisia kilichosemwa chumbani. Mtu anaweza kuupinga uamuzi wa namna hiyo kwa miaka 20 na bado akakiri kwamba aliona ulivyofanywa.

Hapa nataka niguse na upande wetu, sisi tunaoshangilia. Tarehe 3 Agosti 1996, kwenye fainali ya Olimpiki huko Athens, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, mwamuzi alikuwa huyohuyo Collina. Nigeria na Argentina wakiwa 2-2, mpira wa adhabu ukapigwa dakika za mwisho, mabeki wa Argentina wakatoka mbio kwa pamoja ili kuwaacha Wanigeria wameotea, mikono juu, na Emmanuel Amunike akabaki peke yake na kipa. Akafunga. Argentina wakalalamika sana. Bao likasimama, na kwa mara ya kwanza nchi ya Afrika ikatwaa dhahabu ya soka katika Olimpiki. Bara zima lilifurahi, na mimi nilifurahi. Lakini nawauliza, tungesema nini kuhusu refa yuleyule kama bao lile lingekuwa la Argentina na mikono iliyoinuka ingekuwa ya Wanigeria? Sheria ya Musa, katika Walawi sura ya 19, ina agizo ambalo huwa tunalisoma nusu. Tunakumbuka kwamba mwamuzi asimpendelee mkubwa. Tunasahau kwamba palepale anakatazwa pia kumpendelea maskini kwa umaskini wake. Kumhurumia maskini ni amri, kumtetea ni amri, kumlisha ni amri. Ila siku anapokuwa amekosea katika shauri, Mungu anataka aambiwe hivyo, kwa upole lakini bila kuficha. Anayemdanganya maskini kuhusu haki yake amemwongezea umaskini mwingine.

Sasa nifike usiku ninaoupenda kuliko yote. Tarehe 26 Mei 1999, Camp Nou, Barcelona, fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Bayern Munich walikuwa mbele kwa bao la Mario Basler la dakika za mwanzo, na dakika 90 zikatimia hivyohivyo. Zikaongezwa dakika za kufidia muda uliopotea. Katika dakika hizo Teddy Sheringham akaisawazishia Manchester United, na kabla Wajerumani hawajapata pumzi Ole Gunnar Solskjær akafunga la pili. Wachezaji wa Bayern wakaanguka chini kana kwamba wamekatwa miguu. Kulikuwa bado na sekunde za kucheza, mpira ulipaswa kurudishwa katikati, na hawakuweza kusimama. Samuel Kuffour, mtoto wa Kumasi, Ghana, mwenye miaka 22, alikuwa akilia na kuipiga ardhi kwa ngumi.

Collina akaenda kwao. Picha zipo, zimeonyeshwa dunia nzima: mwamuzi ameinama, anawashika wachezaji mmoja mmoja, anamvuta Kuffour na kumwambia asimame, mechi haijaisha. Kumbukeni kwamba dakika zile zilizowaua Bayern zilitolewa na yeye. Mlango aliopitia Solskjær aliufungua yeye kwa kufuata kanuni, na hakuwa na kosa lolote katika hilo. Angeweza kubaki mstari wa kati akitazama saa, na hakuna mtathmini ambaye angempunguzia alama. Wala hakubadilisha chochote, bao lilibaki bao na kombe likaenda Manchester. Alikwenda tu kwa waliojeruhiwa na uamuzi wake halali, akajiweka karibu kiasi kwamba kama Kuffour angetaka kumwuliza lolote, masikio ya refa yalikuwa hapo, kimo cha mkono kutoka ardhini. Nimewahi kukaa katika vikao vya usuluhishi vya kanisa ambapo tuliamua kwa haki kabisa, tukafunga kwa sala, tukatawanyika, na yule aliyeshindwa akabaki peke yake kwenye benchi. Haki ilikuwa imetendeka. Mtu wa kumshika mkono hakuwepo.

Mwaka 2005 Collina alifikisha miaka 45, umri ambao refa wa Italia alipaswa kustaafu. Shirikisho likasogeza kikomo hadi 46 ili aendelee kwa msimu mmoja zaidi. Ndipo lilipozuka jambo la mkataba. Alikuwa amesaini kufanya matangazo na kampuni ya magari ya Opel, na Opel hiyohiyo ilikuwa mdhamini wa klabu ya Milan. Chama chake kikaona kuna mgongano wa maslahi, kwamba hawezi kuendelea kuchezesha Serie A akiwa na mkataba huo. Mwishoni mwa Agosti akajiuzulu. Mkataba haukuwa wa siri, na sijaona popote alipothibitishwa kuipendelea Milan. Pamoja na hayo, naona chama kilikuwa na haki. Katika Kutoka sura ya 23 waamuzi wanaonywa kwamba kipokewacho mkononi huwatia upofu hata wanaoona vizuri. Onyo hilo limeelekezwa kwa wenye macho mazuri, watu kama Collina, kwa kuwa mwovu alikwisha kuyafumba ya kwake mwenyewe. Na shabiki aliyeketi jukwaani Jumapili Milan wanapocheza, akijua kwamba refa na moja ya timu zile wanalipwa na kampuni moja, ameshapata swali ambalo filimbi haiwezi kulijibu.

Haukupita mwaka Italia ikaona sababu ya ukali huo. Mei 2006 zilitoka habari za mazungumzo ya simu yaliyonaswa kati ya viongozi wa klabu na watu waliokuwa na kazi ya kupanga refa gani achezeshe mechi gani. Luciano Moggi wa Juventus alikuwa katikati ya kashfa hiyo iliyoitwa Calciopoli. Juventus wakanyang'anywa ubingwa na kushushwa Serie B, klabu nyingine zikakatwa pointi, na wapo waamuzi waliofungiwa. Collina hakuwamo miongoni mwa waliohukumiwa. Uwanjani kulikuwa na kamera, mtathmini, na maelfu ya macho. Uozo ulipata nafasi kwenye simu, mahali ambapo hapakuwa na wa kuuliza.

Samweli naye alikuwa na wana wawili aliowaweka kuwa waamuzi huko Beer-sheba, na sura ya 8 ya Samweli wa Kwanza inasema waliifuata faida, wakapokea rushwa, wakaipotosha hukumu. Mzee alipowaomba watu wamshitaki, aliwataja wanawe kuwa wapo pale pamoja nao. Sijui moyo wa baba ulikuwaje katika dakika ile. Ninachojua ni kwamba hakuwaficha nyumbani siku ya kuulizwa.

Mechi ya mwisho ya Collina iliacha malalamiko. Tarehe 24 Agosti 2005, Villarreal na Everton, kufuzu Ligi ya Mabingwa. Duncan Ferguson wa Everton alifunga kwa kichwa bao ambalo lingesawazisha jumla ya mabao ya mechi mbili. Collina akalikataa, na Everton wakatolewa. Huko Liverpool, mji wa Everton, bado wanaliulizia. Refa aliyesifiwa kuliko wote wa kizazi chake aliondoka uwanjani akiwa na swali nyuma yake, na sidhani kama kuna mwamuzi duniani anayeondoka bila hilo. Baadaye alipewa kazi ya kuwapangia waamuzi mechi za Serie A na B, nafasi ileile iliyokuwa imechafuliwa, kisha akasimamia waamuzi wa UEFA, na tangu 2017 anaongoza Kamati ya Waamuzi ya FIFA. Ni chini ya usimamizi wake Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi lilipotumia video kwa mara ya kwanza, refa akaitwa pembeni kutazama upya alichokiamua, hadharani. Na Qatar mwaka 2022, kati ya waamuzi watatu wanawake walioteuliwa kwa mara ya kwanza kwa Kombe la Dunia la wanaume, mmoja alikuwa jirani yetu Salima Mukansanga wa Rwanda.

Wapendwa, kati yenu kuna mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, aliyeamua nani apewe mkopo kwanza. Kuna mwalimu aliyesahihisha karatasi. Kuna mzee wa kanisa aliyesuluhisha ndoa, mjumbe wa baraza la ardhi aliyesogeza mpaka, baba aliyeamua mtoto yupi alipiwe ada mwaka huu na yupi asubiri. Sitauliza kama mliamua sawasawa. Nawaomba kitu kimoja kabla ya Jumapili. Mkumbukeni mtu mmoja ambaye uamuzi wenu ulimwendea vibaya, nendeni kwake, si kumwita ofisini, mkamwulize uamuzi ule ulimfikiaje. Pengine atataja kosa ambalo linapaswa kurekebishwa, na mlirekebishe mbele ya wale waliolishuhudia. Pengine uamuzi utabaki kama ulivyo, na atakuwa na mengi ya kusema juu yake. Msimkatize. Kaeni hadi amalize.